Mkato Uliohama Sikio

Mkurugenzi wangu alikuwa mtu wa Dar es Salaam, na ng'ombe alimfahamu zaidi kwa njia ya mishikaki. Kazi aliyonipa ilikuwa kuchukua gemu moja ya simu, ambayo vijana wa mjini walikuwa wameicheza mpaka vidole gumba vikaota sugu, na kuigeuza katuni ya kuonyeshwa watoto. Gemu yenyewe inamhusu mtoto mchungaji. Anavusha ng'ombe mto, anakwepa fisi, na njiani anaokota sarafu za dhahabu zinazoelea hewani. Mimi nimezaliwa Nyangoto, Tarime, jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu, ambako watu wamechimba mashimo na kugombania viwanja mpaka wakachoka, na sijawahi kusikia hata mmoja aliyeikuta dhahabu ikielea. Nilikuwa naihitaji kazi.

Nilikuwa nimepanga chumba Morotonga, pembeni ya mji wa Mugumu, mimi na kompyuta yangu na umeme unaokuja unapojisikia. Majirani waliamini kwamba kazi yangu ni kuchezea kompyuta. Mama mwenye nyumba akipita dirishani alikuwa anatikisa kichwa: mwanaume mzima, tena Mkurya, amejifungia ndani mchana kutwa anachora ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wanapita hapo barabarani.

Niieleze kidogo hiyo kazi, maana bila hivyo hutaelewa sikio lilihamaje. Picha za gemu ile zimejengwa kwa vijiboksi vidogo vya rangi, kimoja baada ya kingine, kama kile kitambaa cha kufuma ambacho mama zetu hutandika juu ya kochi. Ukikikaribia unaona matundu. Ukirudi nyuma unaona ua. Mkurugenzi alitaka katuni ibaki hivyohivyo: vijiboksi vilevile, rangi zilezile chache, ng'ombe atembee kwa kushtukashtuka kana kwamba amekanyaga waya wa umeme. Hilo sikulipinga. Kumpata ng'ombe kwenye vijiboksi vichache, akaonekana ng'ombe na si mbuzi, ni ufundi, na mimi ufundi huo ninao na ninaupenda.

Ila kuna jambo jingine lililokuja pamoja na mtindo huo. Zamani mashine za gemu zilikuwa na nafasi finyu ya kuhifadhi picha. Mchoraji alimchora ng'ombe anayekwenda kulia tu. Ng'ombe akitakiwa kwenda kushoto, mashine inamgeuza yuleyule, kama unavyojiona kwenye kioo. Picha moja, safari mbili. Ulikuwa umaskini wa kawaida, sawa na kuvaa shati moja Jumapili na Jumatatu. Siku hizi simu ya mkulima ina nafasi ya kuwaweka ng'ombe wote wa wilaya, lakini umaskini ule umebaki, umeogeshwa, umepakwa mafuta na kupewa jina. Mkurugenzi aliuita mtindo. Akilitamka neno hilo alikuwa anafumba macho kidogo, kama mtu anayeombea chakula.

Neno lake la pili lilikuwa uhalisia. Alinipigia simu akasema ng'ombe wa kwenye gemu amekaa kitoto mno, wafadhili wanataka uhalisia, niende nikampige picha ng'ombe wa kweli.

"Piga upande mmoja tu, msanii," akasema. "Wa pili tutageuza."

Kuhusu mtoto mchungaji, uhalisia alikuwa ameshaumaliza mwenyewe. Alimvalisha shuka nyekundu na kumshikisha rungu. Nikamwambia kwa maelezo yenu wenyewe huyu mtoto ni wa huku kwetu, na watoto wa huku wanachunga wamevaa fulana za kampeni na kaptura ya shule iliyochanika. Akanijibu kwamba mtazamaji anaielewa shuka haraka zaidi. Sikujua kwamba mtazamaji wake alikuwa na haraka kiasi hicho.

Nikaamua kwenda Issenye, kijiji cha wilaya hiihii ya Serengeti, kwa sababu ambayo haikuwa ya kisanii. Mdogo wangu wa kike alikuwa amechumbiwa na fundi pikipiki wa huko, kijana anayefufua bodaboda ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Posa ilikuwa imepokelewa nyumbani. Kilichobaki ni mazungumzo ya ng'ombe. Baba wa kijana alikuwa na zizi la kueleweka. Nikaona nikawapige picha ng'ombe wake, nipate kazi yangu, na papo hapo nimtazame mkwe mtarajiwa. Halafu kwetu Wakurya ng'ombe wa mahari ya binti ndio wanaomwolea kaka yake mke. Kwa hiyo nilikwenda pia kuwaangalia wale ambao siku moja wangenitoa kwenye chumba cha kupanga.

Nilimkuta mzee amesimama langoni mwa zizi, amevaa gambuti na koti la suti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe unachora?"

"Ndiyo mimi."

"Na wanakulipa?"

"Wanalipa."

Akatazama zizi lake muda mrefu, nadhani akijaribu kuelewa ni mtu gani anayelipia ng'ombe asiyetoa maziwa. Kisha akaingia katikati ya kundi akanitolea mmoja: jike jeupe lenye mabaka meusi, pembe moja imepinda kuelekea jichoni. Akasema wengine niwaache, nimchore huyu, tena nimchore kama alivyo, nisimwongezee wala nisimpunguze. Akamshika sikio la kushoto. Kwenye ncha yake kulikuwa na mkato kama mdomo wa kifaranga aliyeachama.

"Hapa ndipo ulipo mji wangu," akasema. "Hapa usikosee."

Kwa mtu asiyefuga niseme hivi. Ng'ombe hukatwa sikio angali ndama, na kila mji una mkato wake. Ng'ombe akipotea, akichanganyika na wa jirani, akionekana mnadani na mtu asiyemjua, sikio ndilo linalosema ni wa nani. Lakini masikio ni mawili tu, na namna za kukata si nyingi, kwa hiyo mara nyingi tofauti kati ya mji na mji ni upande. Kwetu Nyangoto tunakata mkato huohuo wa mzee yule, ila sikio la kulia. Nilipomwambia hivyo alicheka sana, akasema basi baba yako akitembelea huku nitamfunga yeye kamba badala ya ng'ombe, na kabla sijaondoka alikuwa ameshawasimulia majirani.

Ulikuwa utani, lakini utani wenye mfupa ndani. Watu wa Serengeti na Wakurya wana historia ya ng'ombe ambayo kila mzee anaikumbuka kwa rangi ya ng'ombe waliokwenda. Sisi Wakurya tunaitwa wezi wa ng'ombe, na raia kwa utani, na polisi bila utani. Mzee yule kumkubali binti wa Kikurya lilikuwa jambo ambalo ndugu zake wengine hawakulimeza vizuri. Yeye alilimeza kwa sababu alimpenda mdogo wangu, ambaye alikuwa amekwenda pale siku moja akamsaidia kukamua bila kuambiwa.

Nilirudi Morotonga nikachora. Nilimchora jike yule akielekea kulia, kichwa kimemgeukia mtazamaji kama ilivyo kwenye gemu, masikio yote mawili yanaonekana, mkato kwenye la kushoto. Vijiboksi viwili vya kufuta, basi, mkato ukaonekana. Alikuwa mzuri. Nikamtuma Dar, na baada ya siku kadhaa akarudi kwenye kipande cha katuni, anakwenda kulia ni wa mzee wa Issenye, anageuka kwenda kushoto ni wa baba yangu.

Nikapiga simu.

"Mkato umehama sikio," nikasema.

"Mkato gani?"

"Wa sikio. Akigeuka anakuwa ng'ombe wa mtu mwingine."

Nilisikia anacheka na mtu pembeni. "Nani anaangalia masikio, msanii?"

"Kila mtu."

"Ni boksi mbili!"

"Kwa boksi mbili hizo huku watu wameshapigana mishale."

Akaniambia kwa sauti ya upole, ile inayotumiwa na watu wa mjini wanapoongea na mtu wa mkoani, kwamba kugeuza ndiyo roho ya mtindo, na mashabiki wa gemu wakiona ng'ombe hageuki kwa kioo watajua tumewasaliti. Nikamwambia nitamchora wa kushoto mwenyewe, bila nyongeza. Akakataa. Nikamwambia basi tuufute huo mkato kabisa, ng'ombe awe na masikio mazima. Hapo ndipo alipokasirika. Mkato ule ndio uhalisia wenyewe! Wafadhili walikuwa wameshausifia. Kwa hiyo mkato ulitakiwa uwepo kwa sababu ni wa kweli, na uhame kwa sababu ni mtindo, na mimi nilitakiwa nikae Morotonga nishukuru.

Wafadhili, Mungu awape heri, walitaka pia picha za wanakijiji wakicheka. Ikaamuliwa katuni ionyeshwe kwanza kijijini, na kwa kuwa ng'ombe alikuwa wa Issenye, ionyeshwe Issenye. Nilipendekeza Mugumu. Nilipendekeza Musoma, Mwanza, popote penye lami. Mkurugenzi akasema Issenye pana mwanga mzuri. Mdogo wangu naye alishawaambia wakwe zake kwamba ng'ombe wao atakuwa kwenye ukuta, na mzee alishawaalika ndugu zake, hasa wale ambao hawakulimeza jambo lake vizuri.

Walituazima bwalo la shule mchana. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, jenereta likawashwa nje, bodaboda zikajaa uwanjani. Mkurugenzi alikuja na kofia ya majani na viatu vya kupandia milima, ingawa Issenye tulifika kwa gari mpaka mlangoni. Akatoa hotuba kuhusu kuziba pengo kati ya sanaa ya gemu na hadithi za jamii. Watu walipiga makofi kwa adabu, kwani jenereta lilikuwa linanguruma na hakuna aliyemsikia.

Katuni ikaanza. Ng'ombe alipotokea tu, bwalo zima lilipasuka. "Huyo wa mzee! Pembe hiyo hapo! Muone na pembe yake!" Mzee aliketi mbele na ndugu zake, akanyoosha koti. Mdogo wangu alikuwa upande wa akina mama, akanitazama akacheka, na kwa muda mfupi nilifikiri labda mimi ndiye mwenye wasiwasi wa bure, labda furaha ingewazidi macho.

Ng'ombe akafika mtoni, akamwona fisi, akageuka kushoto.

Bwalo likanyamaza. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza kwamba mvua imeanza, "Sikio limehama."

Ng'ombe akageuka kulia. Mkato ukarudi. Fisi akatokea upande mwingine, ng'ombe akageuka, mkato ukahama. Vijana wa nyuma wakaanza. Akielekea kulia wanapiga kelele, "Wa kwetu!" Akielekea kushoto, "Wa Wakurya!" Na kwa kuwa ile ni gemu, na kazi ya ng'ombe wa gemu ni kugeukageuka, kelele zilipokezana kama uwanja wa mpira. Mkurugenzi alinibana mkono, machozi ya furaha yamemlenga. "Unaona wanavyoshiriki?" akaninong'oneza. Akatoa simu akawarekodi.

Mwisho wa katuni mtoto wa shuka anamfikisha ng'ombe nyumbani. Muziki mtamu, nyota zinalipuka, zizi linafunguka. Zizi lile lilikuwa upande wa kushoto wa ukuta. Ng'ombe akaingia na mkato wa sikio la kulia, lango likafungwa, na ikawa ndiyo mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawakunitazama mimi. Walimtazama mzee, na nduguze walimtazama kuliko wote. Akasimama taratibu. Akavaa kofia yake.

"Nimeona," akasema. "Ameondoka wangu, amefika wa Mkurya." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, nilikuambia usimwongezee, usimpunguze. Kweli hukufanya hivyo. Umemhamisha."

Akatoka, na ndugu zake wakamfuata. Mkurugenzi akaniuliza kama mzee ana mkutano mwingine.

Kesho yake ujumbe ulifika Nyangoto kwamba mazungumzo ya ng'ombe yamesimama, mpaka upande wa Issenye uelewe ni wakwe wa namna gani hawa, wanaochora mambo yao na kuyaonyesha mbele ya watu. Fundi pikipiki alimpigia mdogo wangu, akamwambia yeye hana neno, ila bila baba yake hana ng'ombe, na bila ng'ombe hawezi kufika kwetu.

Mdogo wangu akanipigia mimi. "Kaka," akasema, "ndoa yangu imevunjwa na katuni." Nikadhani anatania, nikataka kucheka. Alikuwa analia. Akasema kama angeibwa ng'ombe wa kweli ningeelewa, wangelipwa yangeisha, lakini huyu wa ukutani mtamrudisha vipi? Niliumia mno siku ile, na nikamchukia mtu wa Dar kwa moyo mweupe kabisa.

Nilikwenda nyumbani Nyangoto kujieleza kwa baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipomwonyesha kwenye kompyuta, akaomba nimrudishie pale ng'ombe anapogeuka, mara mbili, akawa anatikisa kichwa.

"Mura, kijana wangu," akasema, "mimi nimeishi na jina la wizi wa ng'ombe tangu kijana. Mnadani nikipita watu wanashika kamba zao. Sijawahi kuiba hata ndama. Leo wewe umeniibia ng'ombe mbele ya umati, na umewasha na taa waone vizuri."

Halafu akaongeza kwamba mimi ni mtu wa ajabu sana, nachora ng'ombe huku nafukuza ng'ombe, tena wale wale wa kuniolea. Mama aliyekuwa anachambua mboga alicheka hapo. Baba hakucheka.

Nilimpigia mkurugenzi nikamwomba ruhusa ya kurekebisha. Kumbe alikuwa ameshasafiri na katuni, ameionyesha mjini, na watu wa mjini walimuuliza maana ya lile sikio linalohama. Unadhani alisema ni uvivu? Alisema ni swali kuhusu umiliki wa rasilimali. Alinieleza hayo kwa furaha, ananishukuru kabisa, akasema sikio lile limetubeba. Nikamwambia mdogo wangu ameachwa kwa sababu ya swali hilo. Akasema pole sana, akaniuliza kama mzee angekubali kuhojiwa mbele ya kamera.

Mwishowe akasema nikitaka nirekebishe kwa ajili ya kijiji, sawa, nakala ya kijiji, lakini isiitwe rasmi. Nikakubali. Nikakaa Morotonga kuanza kumchora ng'ombe wa kushoto, na hapo nikakwama. Si mkato tu uliokuwa umegeuka. Mabaka yote yalikuwa yamegeuka, pembe iliyopinda imehamia upande wa pili. Na ng'ombe hana mabaka sawa ubavuni na ubavuni. Upande wa kushoto wa jike yule sikuwa nao hata kwenye picha moja. Bosi alisema upande mmoja unatosha. Upande wa pili ulikuwa Issenye, zizini kwa mtu asiyetaka kuniona.

Nikapanda bodaboda. Nilimkuta pale pale langoni, gambuti zilezile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakuongeza "mwanangu".

Nikamweleza kwamba nimekuja kuomba upande wa kushoto. Akanitazama kama mtu aliyeombwa chumvi na nyoka. Ikabidi nimweleze yote, kioo, mashine za zamani, nafasi finyu, mtindo, uhalisia. Sijui alielewa kiasi gani. Mimi mwenyewe nilipojisikia nikiyasema maneno yale mbele ya ng'ombe halisi anayejipiga mkia, niliona aibu.

"Ngoja," akasema. "Kwa hiyo bosi wako alikutuma nusu ng'ombe."

"Ndiyo baba."

"Nusu nyingine akaitengeneza kwa ile ya kwanza."

"Ndiyo."

"Na shule amesoma."

"Amesoma sana."

Akaanza kucheka. Alijizuia, akatazama pembeni, ikamshinda, akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Sikucheka naye, niliogopa. Alipomaliza alijifuta macho, akaingia zizini, akamtoa jike yule mwenyewe na kumsimamisha juani, ubavu wa kushoto kwangu. "Piga," akasema. "Piga na tumbo, piga na mkia, asije akasema hakupata." Ila kuhusu mdogo wangu hakusema lolote, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nilichora picha za kushoto zote, moja moja, kwa vijiboksi vilevile na rangi zilezile chache. Mtindo haukufa. Nilimwangalia ng'ombe wangu akienda na kurudi, akishtukashtuka kama gemu inavyotaka, na mkato umetulia mahali pake, na nikagundua kwamba kile kilichoitwa roho ya mtindo kilikuwa kazi ambayo mtu hakutaka kuifanya. Umeme ulipokatika nilikwenda kuchajisha saluni ya jirani, wateja wakawa wananiuliza kwa nini ng'ombe haishi kutembea.

Nilipomaliza nikaipakia kompyuta mgongoni, nikarudi Issenye. Mzee akaniweka kwenye kiti, kompyuta juu ya stuli, yeye akachuchumaa karibu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Ng'ombe akaenda kulia. Akageuka kushoto. Mzee akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akatazama tena. Alifuata mkato kwa kidole chake, kulia, kushoto, kulia, mpaka ng'ombe akaingia zizini na nyota zikalipuka.

"Huyu ni wangu," akasema. Nikashusha pumzi. "Lakini huyu mtoto wa Kimasai anafanya nini na ng'ombe wangu?"

Nikamvua mtoto shuka palepale, mzee anaangalia. Nikamvalisha fulana na kaptura ya shule. Akataka kaptura ichanike nyuma, nikaichana. Rungu likawa fimbo. Alipotosheka akawaita ndugu zake waliokuwa karibu, akawaonyesha yeye mwenyewe, akiwaeleza ng'ombe anavyogeuka utafikiri ndiye aliyemchora. Mmoja wao alitazama mpaka mwisho, akasema kwa shingo upande kwamba sawa, hajaibwa.

Mzee akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. "Mwambie baba yako tutakuja," akasema. Halafu, pikipiki ikiwa imeshawaka, "Mwanangu, salimia nyumbani." Niliposikia hiyo "mwanangu" nililia kwenye bodaboda, na dereva akanishauri nifunge macho, vumbi la barabara ile ni baya.

Walikuja Nyangoto na ng'ombe. Wazee wetu walijipanga uani kuwakagua, kama ilivyo desturi, na kama ilivyo desturi wakaanza kuwasema: huyu amekonda, huyu mzee, huyu kwato. Alipoletwa jike jeupe la mabaka meusi, pembe imepinda kuelekea jichoni, kila mtu alimjua. Sikuwa nimeambiwa kwamba yumo. Mzee wa Issenye akamshika kamba mwenyewe, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, mbele ya wazee wetu wote.

"Mtazameni vizuri," akasema. "Huyu hahami."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Baba alicheka pia, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu siku ya kompyuta. Kisha akaomba kisu. Ng'ombe anayeingia mji mwingine hupewa alama ya mji huo, na kwetu alama ni sikio la kulia. Vijana wakamshika pembe, baba akakata, kipande kidogo kikaanguka, damu kidogo ikatoka, akampaka majivu. Ng'ombe akatikisa kichwa mara moja, akaanza kula majani ya uani kwetu. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, amevaa kitenge kipya. Alicheka, akalia, akanionyesha kidole cha onyo, vyote kwa pamoja.

Nilisimama nikimtazama ng'ombe yule. Sikio la kushoto lina mkato wa Issenye. La kulia lina mkato wetu, uleule, upande wa pili. Mzee wa Issenye alikuja akasimama karibu yangu, akamtazama naye, na nikaona ameona nilichokiona.

"Sasa mwambie bosi wako," akasema, "huyu anaweza kumgeuza."

Sikumwambia. Alinipigia wiki ileile, akasema wafadhili wanataka sehemu ya pili, nimtafutie ng'ombe mpya, upande mmoja unatosha. Nikamjibu kwamba huku ng'ombe wanauzwa wakiwa wazima.